Batli ya Uchunguzi katika Swichi ya Mtandao: Upangaji, Mipaka na Usomaji Wake

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa hitilafu za mtandao wa kompyuta, inayosumbua zaidi ni ile inayokuja na kuondoka yenyewe. Fundi anapofika, taa za swichi zinawaka kama kawaida, vipimo viko sawa, na mtumiaji aliyelalamika hana cha kuonyesha isipokuwa maelezo yake ya mdomo. Katika hali hiyo ushahidi pekee unaoweza kusalia ni ule ambao swichi yenyewe iliuandika wakati hitilafu ikitokea. Ikiwa haikuandika, au iliandika kisha ikafuta, au iliandika kwa saa isiyo sahihi, uchunguzi wote unageuka kuwa ubashiri.

Makala haya yanafafanua jinsi ya kuiandaa swichi ili iweke batli ya uchunguzi, yaani orodha ya matukio yake ya ndani kwa undani wa juu kabisa unaowezekana. Neno batli linatoka katika lugha ya mabaharia, ambako ni daftari la mwenendo wa chombo safarini. Limeteuliwa hapa badala ya neno "kumbukumbu" kwa sababu hilo la pili tayari limebebeshwa maana ya hifadhi ya ndani ya kompyuta, na kulitumia kwa mambo yote mawili katika aya moja huleta utata. Mifano imetolewa katika swichi za Catalyst za kampuni ya Cisco zinazoendeshwa na mfumo wa IOS. Swichi za watengenezaji wengine zina amri tofauti, lakini matatizo yanayojadiliwa ni yaleyale.

Miongozo mingi ya kazi hii huanza na amri ya "debug" na kuacha mengine yafuate. Mpangilio huo una kasoro. Amri hiyo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote, na pia ndiyo sehemu inayoweza kuzima mtandao. Mambo yanayoamua iwapo uchunguzi utafaa ni matatu yanayoitangulia: ujumbe utapelekwa wapi, utapigwa mhuri wa saa ipi, na ukimya wa batli utasomwaje.

2.0 Ngazi za Uzito wa Ujumbe

Utaratibu unaotumiwa na swichi kuandika batli unaitwa syslog. Chimbuko lake ni programu ya barua pepe ya Sendmail iliyotungwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980. Ulitumika kwa muda mrefu bila maandishi rasmi. Hati ya RFC 3164 ya mwaka 2001 ilieleza tu kile kilichokuwa kikifanyika tayari, na kiwango kamili, RFC 5424, kikatolewa mwaka 2009.

Kila ujumbe wa syslog hubeba namba ya uzito kuanzia 0 hadi 7. Namba 0 ni dharura inayoufanya mfumo usitumike. 3 ni kosa. 4 ni onyo. 5 ni tukio la kawaida lakini lenye umuhimu. 6 ni taarifa. Na 7 ni uchunguzi. Namba ndogo ndiyo yenye uzito mkubwa. Msimamizi anapochagua ngazi fulani, huwa amechagua pia ngazi zote zilizo chini yake kwa namba, kwa hiyo anayechagua 7 amechagua zote.

Ngazi ya 7 ina tabia isiyokuwapo katika ngazi nyingine. Jumbe za ngazi 0 hadi 6 hutolewa na swichi yenyewe tukio linapotokea. Jumbe za ngazi ya 7 kwa kawaida hazitolewi mpaka ziombwe kwa amri ya "debug" inayotaja kipengele mahususi, kwa mfano "debug spanning-tree events". Kuna milango miwili hapa, na yote lazima iwe wazi. Kupandisha ngazi ya batli hadi 7 bila kuwasha amri ya uchunguzi hakuleti kitu kipya. Kuwasha amri ya uchunguzi huku mahali pa kupokelea pamewekwa ngazi ya 6 huifanya swichi itoe jumbe ambazo hakuna anayezipokea.

Kabla ya kufungua mlango wowote kati ya hiyo, inafaa kusoma kilichokwisha kuandikwa kwa amri ya "show logging". Hitilafu nyingi hujieleza katika ngazi za kawaida. Kiolesura kinachopanda na kushuka huandika ujumbe wa LINK-3-UPDOWN, ambamo namba ya katikati ndiyo uzito. Anwani ya MAC inayoonekana mara katika poti hii na mara katika ile, ambayo ni dalili ya kawaida ya kitanzi katika nyaya, huandika MACFLAP_NOTIF kwa ngazi ya 4. Anayekimbilia uchunguzi wa ngazi ya 7 kabla ya kusoma hayo hujiongezea hatari bila sababu.

3.0 Mahali pa Kupeleka Ujumbe

Swichi ya IOS inaweza kupeleka ujumbe uleule sehemu nne: konsoli, kikao cha mbali cha msimamizi, bafa iliyo ndani ya swichi, na seva ya syslog. Kila sehemu ina ngazi yake ya uzito na hupangwa peke yake.

Konsoli ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyo wazi tangu kiwandani, tena kwa ngazi ya 7. Sababu ya hatari hiyo ni hesabu rahisi. Kasi ya kawaida ya konsoli ni biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi huhitaji biti 10, zikiwamo biti ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo konsoli hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Ujumbe wa kawaida una herufi kama 100. Maana yake ni kwamba konsoli haiwezi kupitisha hata jumbe 10 kwa sekunde, ilhali amri moja ya uchunguzi iliyowashwa wakati wa dhoruba ya pakiti inaweza kutoa mamia. Isitoshe, herufi zinazokwenda konsoli humkatiza prosesa mara kwa mara, na kazi ya kutoa jumbe za uchunguzi imepewa kipaumbele cha juu katika mfumo. Prosesa huyo ndiye mwenye jukumu la kushughulikia itifaki zinazoufanya mtandao usimame. Akizidiwa, huchelewa kuzituma fremu za itifaki ya Spanning Tree, swichi jirani hudhani kiungo kimekufa, nazo huanza kupanga upya njia zao. Hitilafu iliyokuwa ya jengo moja huenea chuo kizima, na chanzo chake sasa ni chombo kilicholetwa kuichunguza.

Kwa hiyo amri ya kwanza katika kazi hii ni "no logging console". Kama konsoli inahitajika kwa jumbe nzito, ngazi yake inaweza kushushwa hadi 3, au idadi ya jumbe zake kwa sekunde ikawekewa ukomo kwa amri ya "logging rate-limit console".

Bafa ndiyo makao yanayofaa zaidi kwa batli ya uchunguzi, kwa kuwa kuandika ndani yake ni kazi nyepesi kwa prosesa. Kasoro yake ni ukubwa. Katika swichi nyingi bafa huja na baiti 4096, ambazo kwa kipimo kilichotajwa hapo juu ni jumbe 40 tu. Bafa ikijaa, ujumbe mpya hufuta wa zamani kabisa. Uchunguzi ulioachwa usiku kucha katika bafa ya jinsi hiyo utampa msimamizi sekunde chache za mwisho kabla hajaamka. Amri ya "logging buffered 1000000 debugging" hutenga baiti milioni moja, zinazotosha jumbe 10,000 hivi, na papo hapo huweka ngazi ya 7. Kabla ya kuitoa inafaa kuhakiki hifadhi iliyo huru kwa "show memory", maana nafasi hiyo hutolewa katika hifadhi ileile ambayo swichi huitumia kwa kazi zake.

Bafa hufutika umeme unapokatika. Mahali ambapo umeme si wa kutegemewa, hilo ni jambo la kufikiriwa mapema, kwani hitilafu na kukatika kwa umeme mara nyingi huja pamoja. Hapo ndipo seva ya syslog inapohitajika. Anwani yake huwekwa kwa "logging host", lakini ngazi ya uzito ya sehemu hii kwa kawaida ni 6, na jumbe za uchunguzi hazitatoka mpaka iwekwe amri ya "logging trap debugging". Hatua hii husahaulika mara nyingi. Msimamizi huona seva ikipokea jumbe nyingine zote, akaamini kwamba uchunguzi haukukuta kitu.

Seva nayo haitoi uhakika kamili. Syslog ya kawaida husafiri kwa UDP katika poti ya 514, bila mpokeaji kuthibitisha kwamba amepokea, na hupita katika mtandao uleule unaochunguzwa. Mtandao ukiugua zaidi, ndipo jumbe nyingi zaidi hupotea njiani. Amri ya "service sequence-numbers" huupa kila ujumbe namba ya mfuatano. Haizuii upotevu, lakini inauonyesha: panapokosekana namba 412 hadi 455, msomaji wa batli anajua kwamba kuna jumbe 44 ambazo hakuziona. Kwa maoni ya makala haya, batli isiyo na namba hizo haifai kutegemewa kuthibitisha kwamba jambo fulani halikutokea.

Kikao cha mbali hakihitaji maelezo marefu. Jumbe hazionekani humo mpaka itolewe amri ya "terminal monitor", na kinafaa kwa kutazama mambo yanapotokea, si kwa kuhifadhi.

4.0 Saa

Mhuri wa wakati ndio unaoifanya orodha ya jumbe iwe ushahidi. Swichi nyingi za Catalyst za kizazi cha 2960 na 3750 hazina betri ya kutunza saa. Kila zinapowashwa huanza kuhesabu kutoka tarehe 1 Machi 1993. Batli iliyojaa mihuri ya "Mar 1" ni ishara kwamba hakuna aliyeiambia swichi saa. Alama ndogo iliyo mwanzoni mwa mhuri inasema jambo hilohilo: kinyota humaanisha saa haiaminiki, na nukta humaanisha iliwahi kulinganishwa na seva ya saa lakini sasa imepoteza mawasiliano nayo. Mhuri usio na alama ndio wa kutegemewa.

Dawa ni itifaki ya NTP, ambayo huwekwa kwa amri ya "ntp server" katika kila swichi inayohusika, si ile inayochunguzwa peke yake. Kisha huja "service timestamps debug datetime msec localtime show-timezone", inayoagiza mihuri iandikwe kwa tarehe, kwa milisekunde, na kwa saa za mahali pamoja na jina la ukanda wake. Ifahamike kwamba amri hii inahusu jumbe za uchunguzi pekee. Jumbe nyingine zina amri yake, "service timestamps log", na kuisahau huzaa batli moja yenye mihuri ya aina mbili.

Kwa Afrika Mashariki ukanda huwekwa kwa "clock timezone EAT 3". Suala hili lina uzito wake kwa mtumiaji wa Kiswahili. Mtu anayepiga simu na kusema mtandao ulikatika saa nane na dakika tano mchana anahesabu tangu mapambazuko. Swichi iliyopangwa kwa saa za mahali itaandika 14:05. Seva iliyoachwa katika saa za dunia itaandika 11:05. Tukio moja lina nyakati tatu, na zote ni sahihi. Daftari la malalamiko la kitengo cha TEHAMA halina budi kueleza ni saa ipi imeandikwa. Vinginevyo fundi anaweza kuitafuta saa 8:05 katika batli, akakuta asubuhi tulivu isiyo na tukio lolote, na kuhitimisha kwamba mlalamikaji anatia chumvi.

5.0 Mfano: Kukatika kwa Karibu Dakika Moja

Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini nyakati zake zinatokana na thamani za kawaida za itifaki. Jengo la maktaba lina swichi yenye viungo viwili kuelekea kiini cha mtandao. Kimoja kinapita kwenye nyuzi za mwanga kwa kutumia vigeuzi viwili vya shaba na mwanga, kimoja kila upande. Cha pili kinapita jengo jirani na kimezuiwa na Spanning Tree ili kisifanye kitanzi. Wasomaji wanalalamika kwamba mara mbili au tatu kwa siku mtandao hupotea kwa muda usiofika dakika moja, kisha hurudi. Batli ya kawaida haina ujumbe wowote wa LINK-3-UPDOWN.

Ukimya huo unapotosha. Kiolesura cha swichi kimeungwa kwa shaba na kigeuzi kilicho kando yake, na kiungo hicho kifupi hakijawahi kushuka. Kinachokatika ni uzi wa mwanga kati ya vigeuzi viwili, na vigeuzi vya bei nafuu aghalabu havina uwezo wa kupasha habari hiyo upande wa pili. Kwa swichi, kiungo kipo. Ila fremu za BPDU zinazopaswa kufika kila baada ya sekunde 2 zimekoma.

Baada ya konsoli kuzimwa, bafa kupanuliwa na saa kusawazishwa, amri ya "debug spanning-tree events" inawashwa na kuachwa. Baada ya lalamiko la saa nane na dakika tano, bafa inaonyesha mistari hii:

14:05:21.316 EAT: STP: VLAN0020 new root port Gi1/0/24, cost 8
14:05:21.316 EAT: STP: VLAN0020 Gi1/0/24 -> listening
14:05:36.321 EAT: STP: VLAN0020 Gi1/0/24 -> learning
14:05:51.328 EAT: STP: VLAN0020 Gi1/0/24 -> forwarding

Mistari hiyo inasema kwamba swichi ilichagua njia mpya kuelekea kiini, ikaisikiliza kwa sekunde 15, ikajifunza anwani kwa sekunde nyingine 15, kisha ikaifungua. Lakini jambo kubwa zaidi halimo katika mistari hiyo. Katika toleo la awali la itifaki, swichi husubiri hadi sekunde 20 bila BPDU kabla ya kukata tamaa na njia ya zamani. Kwa hiyo uzi wa mwanga ulikatika karibu saa 14:05:01, sekunde 20 kabla ya mstari wa kwanza, wakati batli ikiwa kimya kabisa. Ukijumlisha 20, 15 na 15 unapata sekunde 50, na hizo ndizo ambazo wasomaji waliziita "karibu dakika". Batli imeandika uamuzi wa swichi, si tukio lililousababisha, na anayeisoma lazima arudi nyuma kwa kuijua itifaki yenyewe. Toleo la haraka la itifaki, linaloridhika na kukosa BPDU tatu, lingeonyesha sura nyingine.

Kiungo cha kushukiwa sasa kinajulikana. Fundi anakwenda kukagua vigeuzi na viunganishi vya nyuzi, jambo ambalo bila batli hiyo angekuwa na sababu ndogo ya kulifanya, kwa kuwa taa ya poti haikuzimika hata mara moja.

6.0 Yasiyoonekana katika Batli

Swichi haiipokei kila pakiti na kuitafakari kama kompyuta. Fremu nyingi mno hupitishwa na chipu maalumu kutoka poti hadi poti bila kumfikia prosesa. Jumbe za uchunguzi huandikwa na prosesa, kwa hiyo zinahusu tu yale yanayomfikia: fremu za itifaki za udhibiti, pakiti zilizoelekezwa kwa swichi yenyewe, na zile ambazo chipu imeshindwa kuzipitisha. Anayewasha "debug ip packet" ili aone mazungumzo ya kompyuta mbili zilizounganishwa na swichi hiyo anaweza asione hata pakiti moja wakati maelfu yanapita. Kuhitimisha kwamba hakuna mawasiliano kungekuwa kosa kubwa. Kazi hiyo inahitaji kunakili trafiki ya poti kwa amri ya "monitor session" na kuipeleka kwenye kompyuta yenye programu ya kunasa pakiti.

Swichi mpya zinazotumia IOS XE zina tofauti nyingine. Baadhi ya michakato yake huandika ufuatiliaji wa kina katika mafaili yake yenyewe, nje ya syslog. Msimamizi aliyezoea mfumo wa zamani anaweza kupanga kila kitu kwa usahihi na bado asikute alichokitafuta katika "show logging".

7.0 Kuzima na Kuhifadhi

Amri ya kuzima inapaswa kuandaliwa kabla ya ile ya kuwasha. Ni "undebug all", na kifupi chake "u all" kinafaa kukumbukwa, kwa sababu herufi chache zinaweza kupenya pale ambapo skrini imefurika na prosesa haitiki kwa urahisi. Mafundi waangalifu hufungua kikao cha pili cha SSH na kuiandika humo amri hiyo tayari, ikisubiri kubonyezwa tu. Wengine huagiza "reload in 15" ili swichi ijiwashe upya wasipoifuta agizo hilo. Hali ya uchunguzi haihifadhiwi katika usanidi, hivyo swichi ikirudi itakuwa imetulia. Gharama yake ni kwamba bafa yote hupotea na jengo zima hukosa mtandao kwa dakika kadhaa. Kwa swichi ya pembeni gharama hiyo huvumilika, lakini kwa swichi ya kiini ni vigumu kuitetea.

Baada ya kuzima, "show debugging" huthibitisha kwamba hakuna kilichosahaulika, na yaliyomo katika bafa hunakiliwa kwenye faili nje ya swichi kabla ya kitu kingine chochote kuguswa. Faili hilo huwa na anwani za vifaa vya watu na, katika uchunguzi wa uthibitishaji wa watumiaji, hata majina yao ya kuingilia. Syslog ya kawaida hulipitisha hayo yote bila kuyaficha. Nchini Tanzania taarifa za aina hiyo zinaweza kuangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hivyo faili linapaswa kuwa na mtu anayelimiliki na tarehe ya kufutwa, na kinachonukuliwa katika ripoti ya uchunguzi kiwe ile mistari inayohusu hitilafu pekee.